Ni Nini Kinachokula Diski za Nyuma?

SOMO LA 14

Bumbuli ni nchi ya milima. Mashamba yetu yako kwenye miteremko. Tunalima chai, viazi, kabichi, karoti, maharage na matunda. Mazao haya hayaleti fedha yakikaa shambani. Lazima yashuke. Mengine huuzwa sokoni Soni. Mengine hupita Soni, yakashuka hadi Mombo kwenye barabara kuu, na kutoka hapo yakaenda mbali mpaka Dar es Salaam.

Gari linalopanda mlima linahitaji injini nzuri. Gari linaloshuka mlima linahitaji breki nzuri. Injini ikishindwa, abiria huchelewa. Breki zikishindwa, abiria huenda wasifike.

Somo hili linahusu sehemu moja tu ya breki, yaani diski za magurudumu ya nyuma. Katika magari mengine diski hizi huisha upesi kuliko inavyotakiwa. Mwenye gari hununua mpya, nazo huisha tena. Mwisho husema, "Ni milima yetu hii." Tutaona kama ni kweli.

Si lazima uwe dereva ili usome somo hili. Huenda wewe ni mwanachama wa kikundi chenye gari. Huenda wewe ni abiria tu. Hata abiria ana roho moja, kama dereva.

1. GARI LA KIKUNDI

Tuanze na mfano. Tufikirie kikundi cha wakulima katika kijiji kimoja cha Bumbuli. Kikundi hiki tumekitunga kwa ajili ya somo, lakini mambo yaliyokipata yanaweza kukipata kikundi chochote.

Wakulima hawa walichanga fedha wakanunua gari dogo lililotumika. Walikunja viti vya nyuma ili wapakie magunia na matenga. Mchana gari lilipeleka mboga Soni na Mombo. Usiku, mtu akiugua, lilimpeleka hospitali ya Bumbuli.

Mweka hazina wa kikundi alikuwa mama mmoja aliyejifunza kusoma ukubwani. Kwa kuwa alijifunza kwa taabu, hakupenda kalamu yake ikae bure. Kila fedha iliyotoka aliiandika katika daftari. Pia aliandika tarehe, na kilomita zilizosomeka mbele ya usukani siku hiyo.

Mwezi wa tatu dereva alisema diski za nyuma zimekwisha. Kikundi kilinunua diski mbili na pedi zake kwa shilingi 160,000. Mweka hazina aliandika: "Diski za nyuma. Kilomita 84,200."

Mwezi wa tisa dereva alirudi tena.

"Mama, diski za nyuma zimekwisha. Zinakwaruza chuma kwa chuma. Siwezi kushuka nazo."

Mama alifungua daftari lake. Kilomita sasa zilikuwa 91,700. Akatoa hesabu:

91,700 − 84,200 = 7,500

Diski zilikuwa zimetembea kilomita 7,500 tu. Kwa kawaida diski hutembea makumi elfu ya kilomita kabla ya kwisha.

"Kwa nini zimekwisha upesi hivi, mwanangu?"

"Ni milima, Mama. Barabara yetu inakula breki."

Mama aliangalia tena daftari. Kisha akauliza swali ambalo ndilo kiini cha somo letu.

"Kama ni milima, mbona za mbele hazijaisha? Magurudumu ya mbele hayashuki mlima huohuo?"

Dereva hakuwa na jibu. Gari likawekwa juu ya mawe kusubiri fedha. Usiku wa tatu mama mjamzito alishikwa na uchungu. Vijana walimbeba kwa machela gizani, gari la kikundi likiwa limekaa pale bila magurudumu. Mama yule alifika salama. Lakini wanachama wote walielewa kwamba jambo hili si la shilingi 160,000 peke yake.

2. BREKI YA DISKI HUFANYAJE KAZI?

Angalia baiskeli. Ukibana breki, vipande viwili vya mpira huibana rimu kutoka pande mbili. Gurudumu huanza kusimama.

Breki ya diski ya gari hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Diski ni sahani nene ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Pedi ni vibao viwili, kimoja kila upande wa diski. Kalipa ni mkono wa chuma unaoshika pedi hizo. Dereva akikanyaga pedeli, mafuta ya breki husukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa. Pistoni husukuma pedi, na pedi huibana diski.

Breki za namna hii si jambo jipya. Mwingereza Frederick Lanchester aliandikisha hakimiliki ya breki ya diski mwaka 1902. Zamani magari mengi yalikuwa na breki za ngoma nyuma, na hata leo magari mengi ya mizigo yanazo. Lakini baadhi ya magari madogo yana diski mbele na nyuma.

Dereva akiachia pedeli, pedi zinatakiwa kulegea. Hili ndilo jambo kubwa la kukumbuka. Breki nzuri ni ile inayobana ikiambiwa ibane, na inayoachia ikiambiwa iachie. Breki inayobana bila kuachia inajila yenyewe kila gurudumu linapozunguka, hata barabara ikiwa tambarare.

3. KWA NINI ZA MBELE HUISHA KWANZA?

Umewahi kusimama ndani ya basi likafunga breki ghafula? Watu wote huinamia mbele. Mizigo nayo husogea mbele. Hata gari lenyewe hufanya hivyo. Uzito wake huegemea magurudumu ya mbele, na ya nyuma hupunguziwa mzigo.

Kwa sababu hiyo breki za mbele hufanya kazi kubwa zaidi, na diski za mbele hutengenezwa kubwa na nene kuliko za nyuma. Gari linaposhuka mlima, uzito huegemea mbele zaidi.

Kwa hiyo, kwa magari mengi, za mbele zinatakiwa kutangulia kwisha. Zipo tofauti. Gari lililojaa magunia nyuma huongeza kazi ya breki za nyuma. Magari mengine ya kisasa yana kompyuta inayogawa nguvu ya breki, nayo huzipa za nyuma kazi zaidi. Lakini diski za nyuma zikiisha mara mbili wakati za mbele bado nzima, usikimbilie dukani. Tafuta kwanza kinachozila.

Mweka hazina wetu hakujifunza ufundi wa magari. Aliona tu kwamba jibu la dereva halikulingana na mambo yaliyokuwa mbele ya macho yake.

4. SOMA MAANDISHI YALIYO KWENYE DISKI

Kikundi kilimwita fundi mzee mwenye sifa ya uangalifu. Alitia mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akainua gari kwa jeki, akaliweka juu ya vigingi imara. Kisha akatoa diski ya zamani, akampa mweka hazina kitambaa.

"Mama, futa ukingo wake. Unaona maandishi?"

Mama alifuta vumbi na kutu. Yalitokea maandishi madogo yaliyochongwa katika chuma: MIN TH 7.5 mm.

"Ninaona herufi, halafu saba nukta tano."

"Vema. Maana yake ni kwamba diski hii haitakiwi kuwa nyembamba kuliko milimita saba na nusu. Ilipokuwa mpya ilikuwa milimita tisa."

Fundi alipima kwa kipimo chake. Ikasomeka 6.8.

"Diski hii ilikufa siku nyingi zilizopita," alisema. "Mngeniambia niweke pedi mpya tu, mngeokoa fedha leo. Kesho ingepasuka mteremkoni."

Diski nyembamba haiwezi kubeba joto jingi. Hupinda, hupata nyufa, na huweza kuvunjika. Vilevile pistoni hutoka nje mno ili kuifikia, na mafuta ya breki huweza kuvuja.

Ndugu mwanakisomo, diski nyingi zina maandishi kama hayo. Kila diski ina namba yake, kwa hiyo usikariri namba ya somo hili. Soma ile iliyo mbele yako. Pedi nazo zina kikomo. Zikibaki milimita 3, jiandae kuzibadilisha. Zibadilishe za kushoto na za kulia kwa pamoja.

5. WEZI WA DISKI

Fundi alikagua gurudumu moja baada ya jingine. Alikuta mambo haya.

Mwizi wa kwanza: pini zenye kutu.

Kalipa ya gari hili husogea kidogo kwenye pini mbili ili pedi zote mbili zibane sawasawa. Kwenye gurudumu la kushoto, pini moja ilikuwa imeshikwa na kutu. Pedi ya ndani ilikuwa imekwisha kabisa, na chuma chake kilikuwa kinakwangua diski. Pedi ya nje ilikuwa bado nene.

Kumbuka alama hii: pedi ya ndani na ya nje zikitofautiana sana, kagua pini. Pini husafishwa na kupakwa grisi maalumu ya breki isiyoyeyuka kwa joto. Mipira inayozuia matope isiwe imechanika. Grisi yoyote isiguse pedi wala diski.

Mwizi wa pili: breki ya mkono isiyoachia.

Katika gari hili breki ya mkono hubana pedi zilezile za nyuma kwa kuvuta waya. Waya umo ndani ya ala. Tope na maji vikiingia ndani ya ala, waya hushika kutu. Dereva huushusha mkono wa breki, akadhani ameachia. Kumbe kule nyuma bado breki imebana kidogo. Kwenye gurudumu la kulia hali ilikuwa hiyo. Pedi zote mbili zilikuwa zimeisha sawasawa, na diski ilikuwa na rangi ya bluu kwa sababu ya kuungua.

Magari mengine yana ngoma ndogo ya breki ya mkono ndani ya diski. Hapo kinacholiwa ni ngoma hiyo na viatu vyake. Muulize fundi gari lenu ni la namna gani.

Mwizi wa tatu: pistoni au bomba la mpira.

Pistoni ikishikwa na kutu, hairudi nyuma. Bomba la mpira likivimba kwa ndani kwa uzee, mafuta hupita kwenda lakini hayarudi. Kwa vyovyote vile pedi hazilegei. Gari hili halikuwa na tatizo hilo, lakini fundi alikagua.

Mwizi wa nne: tope na mchanga.

Magurudumu hurusha tope lenye mchanga. Mchanga ukiingia kati ya pedi na diski, husaga kama jiwe la kusagia. Wakati wa masika, osha magurudumu kwa maji safi, lakini yakiwa yamepoa.

Mwizi wa tano: kukaa bila kazi.

Gari likikaa wiki nyingi kwenye mvua, diski hushika kutu. Kutu nyembamba huondoka baada ya kufunga breki mara chache. Kutu nene huchimba mashimo, na mashimo hukwangua pedi.

6. MWIZI WA SITA

Fundi aliosha mikono. Kisha akamgeukia dereva kwa upole.

"Mwanangu, kutoka Soni unashukaje?"

Dereva aliinamisha kichwa. "Naweka nyutro, Mzee. Pedeli ikianza kulainika, naisaidia breki kwa kuvuta breki ya mkono kidogo kidogo."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha. Kikundi kilisema nibane petroli."

Mweka hazina alifungua daftari kurasa za mwanzo. Aliukuta uamuzi wa mkutano, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Dereva apunguze petroli kwa kila njia. Akizidisha atakatwa posho."

Watu wote walinyamaza.

Tuelewe kosa hili. Barabara kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kama kilomita 33, na Soni iko njiani. Mombo iko tambarare, kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari. Soni iko kiasi cha mita 1,200. Anayetoka Soni kwenda Mombo hushuka karibu mita 800, kona baada ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili.

Gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na mzigo wake, likishuka mita 800, hutoa nguvu nyingi. Kama nguvu hiyo yote ingegeuka kuwa joto, ingetosha kuchemsha lita 35 za maji baridi. Hizo ni karibu ndoo mbili za lita 20. Fikiri mzigo wa kuni unaohitajika kuchemsha ndoo mbili! Gari likiwa katika gia, injini hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Likiwa nyutro, injini haizuii kitu. Mzigo karibu wote huangukia vipande vichache vya chuma.

Breki zikipata joto kupita kiasi, pedi huteleza na hushindwa kushika. Mafuta ya breki nayo huweza kuchemka. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, kama chumvi inavyoloa wakati wa masika. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzijoto 205. Yakishaingiwa na unyevu, huweza kuchemka kwenye nyuzijoto 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Dereva hukanyaga pedeli ikazama hadi chini, na gari haliachi kwenda.

Ndiyo maana pedeli ya dereva wetu ililainika. Alipovuta breki ya mkono, alizidisha kazi kwa diski za nyuma peke yake, zile ndogo na nyembamba. Hivyo zikaisha wakati za mbele zikiwa bado nzima.

Je, alibana petroli? Hapana. Magari mengi ya siku hizi hukata petroli yenyewe yakishuka katika gia, dereva akiwa ameondoa mguu kwenye mafuta. Likiwa nyutro, injini huendelea kunywa kidogo ili isizimike. Kikundi kilitaka kuokoa vikombe vya petroli. Kikapoteza shilingi 320,000 za diski, na kidogo kipoteze watu.

7. JINSI YA KUSHUKA MLIMA

Soma maagizo haya polepole. Mfundishe na jirani.

(a) Punguza mwendo kabla mteremko haujaanza. Ingiza gia ndogo ukiwa bado juu.

(b) Shuka kwa gia ambayo ungepandia mlima huohuo. Kama ungepanda kwa gia ya pili, shuka kwa ya pili.

(c) Gari lisilo na klachi lina herufi na namba kwenye mkono wa gia. Tumia L au 2. Usitumie N kamwe mteremkoni, kwa maana N ndiyo nyutro.

(d) Usikae na mguu juu ya pedeli njia nzima. Kanyaga kwa nguvu ya kutosha, punguza mwendo, kisha achia breki zipoe.

(e) Usizime injini mteremkoni. Injini ikizimwa, pedeli na usukani huwa vigumu.

(f) Ukisikia harufu ya kuungua au pedeli ikilainika, simama mapema mahali salama. Zuia magurudumu kwa mawe. Ngoja breki zipoe zenyewe. Usizimwagie maji; chuma cha moto huweza kupinda au kupasuka.

(g) Ukiondoka, ondoa mawe barabarani. Jiwe lililokusaidia wewe jioni laweza kumuua mwendesha pikipiki usiku.

8. ABIRIA NA MWENYE GARI WANAWEZA KUFANYA NINI?

Wewe usiye fundi una pua, macho, masikio na daftari.

Pua: harufu ya kuungua karibu na gurudumu moja ni dalili kwamba breki haiachii.

Masikio: sauti ya chuma kukwaruza chuma ni dalili kwamba pedi zimekwisha.

Mikono: baada ya safari, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Linganisha kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa na moto zaidi sana, mwambie dereva. Usiguse diski, itakuunguza.

Macho: soma kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki. Kimeandikwa aina inayotakiwa, kama DOT 3 au DOT 4. Usikubali yatiwe mafuta ya injini, kwani huharibu mipira ya breki. Mafuta yakishuka chini ya alama, tafuta sababu. Huenda yanavuja, au pedi zimekwisha. Yabadilishwe yote karibu kila miaka miwili.

Daftari: andika tarehe, kilomita, kitu kilichotengenezwa, unene wa diski na fedha zilizotumika. Daftari halisahau.

Fundi naye ana jaribio rahisi. Gari likiwa limeinuliwa salama, breki ya mkono imeachiwa na gia iko nyutro, huzungusha magurudumu ya nyuma kwa mkono. Kila moja linatakiwa kuzunguka bila kukwama. Linalokataa ndilo lenye ugonjwa.

9. MKUTANO WA KIKUNDI

Jumapili kikundi kilikutana. Wengine walitaka dereva afukuzwe. Mweka hazina aliomba kusema.

"Ndugu Mwenyekiti, kosa la dereva lipo. Lakini neno la kubana petroli kwa kila njia ni letu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeliandika. Tukimfukuza huyu tukaacha maandishi haya, dereva mpya naye atashuka nyutro."

Wanachama walishauriana. Maneno yale yakafutwa. Badala yake yakaandikwa haya: "Dereva ashuke kwa gia. Asipakie kupita uwezo wa gari. Breki zikaguliwe kila mwezi, na namba zisomwe mbele ya wanachama wawili."

Fundi alisafisha pini, akabadilisha waya wa breki ya mkono, akatia mafuta mapya ya breki, diski mpya na pedi mpya. Mweka hazina aliandika: "Kilomita 91,700. Diski milimita 9."

Miezi ikapita. Kilomita zilipofika 99,200, gari lilikuwa limetembea tena kilomita 7,500, kwa barabara ileile na milima ileile. Fundi akapima diski mbele ya wanachama. Zilikuwa milimita 8.8.

Dereva mwenyewe ndiye aliyeandika namba hiyo katika daftari.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kitu kikiisha kabla ya wakati wake, usinunue kingine tu. Uliza kwanza nini kimekila.

MANENO YA KUJIFUNZA

Diski: sahani ya chuma inayobanwa ili gurudumu lisimame.
Pedi: vibao viwili vinavyoibana diski.
Kalipa: mkono wa chuma unaoshika pedi.
Nyutro: hali ya gari kutokuwa katika gia yoyote.
MIN TH: alama ya unene wa mwisho unaoruhusiwa.

MASWALI

1. Kwa nini diski za mbele kwa kawaida huisha kabla ya za nyuma?
2. Mweka hazina alijuaje kwamba "milima" si jibu la kutosha?
3. Pedi ya ndani imekwisha na ya nje bado nene. Utakagua nini?
4. Kwa nini ni hatari kushuka mlima gari likiwa nyutro?
5. Diski imeandikwa MIN TH 8 mm. Fundi amepima akapata 7.6. Je, itumike tena?
6. Diski ziliwekwa kilomita zikiwa 62,300. Zimekwisha kilomita zikiwa 70,100. Zimetembea kilomita ngapi?

ZUNGUMZENI DARASANI

Je, kosa lilikuwa la dereva au la kikundi? Katika kijiji chenu, ni maagizo gani ya kubana fedha ambayo huleta hasara kubwa zaidi?

KAZI YA KUFANYA

Chora mistari katika daftari lako upate nafasi tano: Tarehe, Kilomita, Kazi iliyofanyika, Unene, Fedha. Mwombe mwenye gari au pikipiki aliye karibu nawe akusomee kilomita zake leo. Ziandike. Baada ya mwezi mmoja ziandike tena, kisha utoe hesabu.